Jinsi Tulivyojifunza Kutomsikiliza Bruda

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kazi niliyoiweza kuliko zote maishani mwangu ni kunyamazisha watu. Kufundisha nilifundisha, hesabu na Kiswahili, na wapo walionielewa. Lakini kunyamazisha nilikuwa na kipaji. Darasa lililojaa mpaka watoto wanakalia madirisha nililinyamazisha kwa kusimama mlangoni tu. Kwa hiyo kila palipokuwa na shughuli huku kwetu milimani, iwe jubilei ya parokia, iwe mahafali, iwe harusi, mimi ndiye niliyeitwa mbele kusema, "Tulieni." Watu wakatulia, hata wale waliokwisha kunywa.

Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba ninayosimulia yalikuwa mepesi kwangu.

Milimani sikuzaliwa. Nimezaliwa Lundo, kandokando ya ziwa, katika nyumba ya Waanglikana wanaokula samaki asubuhi na jioni. Nikaolewa na Mmatengo, Mkatoliki, fundi seremala wa misheni kule Litembo, nikapanda mlima na sanduku langu nikijua nitakufa kwa baridi. Sikufa. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anatoka nje kuangalia mawingu, halafu anarudi na kuketi bila kukujibu. Katika maisha yake amekuwa na rafiki mmoja tu, na rafiki huyo ndiye Bruda.

Bruda alikuja kutoka Ayalandi angali kijana mwenye nywele nyekundu, akazeekea kwetu. Hakuwa padre, na alikuwa mwepesi kukukumbusha hilo: padre anasoma misa, bruda anaziba paa linalovuja wakati wa misa. Alisimamia karakana ya misheni, na mume wangu alifanya kazi chini yake, ingawa ukiwaona wawili wale wamekunja migongo juu ya ubao mmoja usingejua nani yuko chini ya nani. Kiswahili alikijua barabara. Kimatengo alikijua kiasi cha kuwachekesha bibi zetu sokoni.

Alikuwa na filimbi. Mtu wa huku ukimwambia filimbi anafikiria ile ya refa, lakini hii ilikuwa ya mti, nyeusi, ndefu kama mkono wa mtoto, yenye matundu sita ya vidole, nayo ilipulizwa kwa ubavu. Siku ya kwanza alipomwonyesha mume wangu, mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akainusa, akasema, "Mpingo." Bruda akamwambia ndiyo, mafundi wa kwao huagiza mti huo kutoka huku kusini kwetu kwa sababu hawajapata mwingine mzito na mtulivu kama huo. Jioni ile mume wangu alinisimulia habari hiyo mara mbili. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni furaha kubwa.

Miezi ya baridi, upepo wetu unapokausha hata midomo, filimbi ile nayo ilitaka kupasuka. Bruda aliipaka mafuta, na pale vipande vyake vinapoungana alizungushia uzi aliopewa na fundi cherehani. Tena alisema dawa yake kubwa ni kupulizwa, kwamba filimbi ya mti isiyopulizwa hukauka ikafa. Kwa hiyo aliipuliza karakanani, kazi ikielekea kuisha. Yeye ameketi juu ya rundo la mbao, mume wangu anaendelea kupiga randa, vijana wa karakana wanabishana mambo ya mpira. Nilipopita kumpelekea mume wangu chai nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Mzungu wa watu anapuliza filimbi nzuri namna ile, na wewe unamkwangulia mbao masikioni.

Mimi nilitaka apewe heshima yake. Sikuwa peke yangu, mji mzima tulitaka hivyo. Kwetu, mgeni akileta kitu chake mbele ya watu, mwenyeji anaketi, ananyamaza, anakipokea. Ndivyo tulivyolelewa, milimani na ziwani sawasawa. Basi kila sherehe Bruda aliwekewa kiti mbele, karibu na meza kuu, kiti chenye kitambaa cha kufuma. Mwenyekiti wa parokia alitangaza. Mimi nilisimama nikasema neno langu. Akina mama waliwanyonyesha watoto wachanga hata wasio na njaa, ili wasilie. Kukawa kimya kiasi cha kusikia kuku wakiparua nyuma ya jiko. Katika kimya hicho Bruda alipuliza wimbo mmoja, mfupi, uso umemwiva kama nyanya. Akimaliza, tulipiga makofi na vigelegele, mama mmoja akamfunga kanga mabegani, naye alishukuru, akainamisha kichwa, akaketi. Hakurudia hata alipoombwa.

Tulimjadili sana. Wengine walisema hizo ni nyimbo za msiba za kwao, ndiyo maana zinamchosha. Katekista alisema ni namna ya sala, na sala hairudiwi kwa kuombwa. Mimi nilisema ni aibu ya kitawa tu, na dawa yake ni kumtia moyo, kwa hiyo sherehe iliyofuata niliwanyamazisha watu zaidi.

Mwaka juzi aliacha kabisa kupuliza kwenye sherehe. Alisema kifua kimekuwa kidogo. Karakana pia mambo yalikuwa yamebadilika. Mume wangu alikuwa amestaafu, na vijana walioshika kazi walileta mashine ya umeme ya kuranda, kelele yake inameza hata kengele ya kanisa.

Halafu mwaka jana, kahawa ilipoanza kuiva, Bruda alikuja kwetu chakula cha Jumapili kama kawaida yake, akala, akanawa, akatuambia kwamba shirika lake limemtaka achague. Wana nyumba ya mabruda wazee huko kwao Ayalandi, yenye muuguzi na joto. Anaweza kwenda huko, au anaweza kubaki Litembo na kuzikwa kwenye makaburi ya misheni pamoja na wenzake waliotangulia. Hawamlazimishi. Ila wanataka kujua kabla kahawa haijaisha shambani, ili wapange mambo yao.

Mume wangu alitoka nje kuangalia mawingu, nami nikabaki na Bruda mezani. Sitaficha kwamba niliogopa. Nilimwogopea mume wangu. Mwanamume akishastaafu, kama hana rafiki wa kukaa naye kimya, anaanza kuzeeka haraka, na mimi kwa kukaa kimya si mtu wa kutegemewa. Nilimtaka Bruda abaki. Nilikwisha kuamua kabla hajamaliza kusema.

Nikamuuliza huko kwao ana nani tena, maana ndugu zake wengi walikwisha kufa. Akatoa simu, akanionyesha video aliyotumiwa na mtoto wa dada yake. Ni baa ya kijijini kwao, chumba chenye dari ya chini, watu wameketi wamezunguka meza iliyojaa glasi za bia nyeusi. Yupo wa fidla, yupo wa kinanda cha kukunja, mwanamke ana ngoma ndogo ya ngozi ya mbuzi, na kijana ana filimbi ya mti. Na chumba kizima watu wanaongea. Wanaongea kweli, wanacheka, mmoja amewapa mgongo kabisa wapigaji, anaagiza kinywaji kwa kunyoosha vidole. Mtoto anapita katikati na sahani ya viazi.

"Bruda," nikasema, "mbona hawa hawana adabu?"

"Nani?"

"Hawa wote. Mtu anapuliza, wao wanaongea."

Akaniangalia kama hajanielewa. "Sasa unataka wafanye nini, Mwalimu?"

"Wamsikilize."

"Wanamsikiliza. Ila hawamwangalii." Akakuna kidevu. "Pale hakuna mtu anayemtumbuiza mwingine. Mmoja anaanza, anayeujua wimbo anaingia, asiyeujua anakunywa. Ukiisha wanaunganisha mwingine bila kusimama. Filimbi ya mti haiko mbele. Haina sauti kali ya kuwapita wenzake. Kazi yake ni kukaa chini yao, kuwashikanisha. Kama mafuta kwenye mboga. Ukiyaona yanaelea juu, ujue mpishi hajui kazi."

"Na wakinyamaza wote?"

"Wakinyamaza wote umekosea. Au kuna mtu amekufa."

Nilikuwa nakumbuka jubilei, mahafali, na kile kiti chenye kitambaa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na sisi je? Tulivyokuwa tunanyamaza?"

Akacheka, ila si kicheko cha furaha. "Mwanzoni nilidhani nimewachukiza. Baadaye nikaelewa kwamba ni heshima. Lakini mtu hawezi kupuliza zile nyimbo peke yake mbele ya watu walionyamaza. Inakuwa mahubiri, na mimi si padre. Pale karakana ndipo palikuwa pazuri. Mzee alikuwa na randa yake." Akaelekeza kidole nje, alikosimama mume wangu.

Hakuna aliyefanya kosa hilo kwa ubaya. Lakini hebu fikiria, mtu amekaa na watu ujana na uzee wake wote, akijua lugha zao na majina ya babu zao, na kila anapotaka kuingia kwenye ngoma yao anawekewa kiti cha mgeni. Tuna methali inayosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bruda tulimpa majembe yote, ya karakana, ya mabomba ya maji, ya paa. Kwenye muziki hatukumpa. Niliona uchungu, halafu nikaona njia. Kama kilichokuwa kinamvuta nyumbani ni chumba cha watu wasiomjali, mimi ningemtafutia watu wasiomjali hapahapa.

Milimani isingewezekana, kwa sababu wote walikuwa wanafunzi wangu na mafunzo yamewaingia. Nikampigia simu kaka yangu kule Lundo. Yeye ni kiongozi wa kikundi cha mganda, ile ngoma yetu ya wanaume wa ziwani, wanaovaa kaptula nyeupe na soksi ndefu na kujipanga mistari kama askari. Pamoja na ngoma wana vibuyu vya kupuliza, vilivyotobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui. Mtu anaimba ndani ya kibuyu, na ule utando unatetemeka mpaka sauti yake inakuwa ya tarumbeta yenye mafua. Jumapili mchana hufanya mazoezi karibu na kanisa, wameketi kwenye mabenchi, hawajavaa rasmi. Nikamweleza kaka ninachotaka: Bruda aje, aketi kati ya wapuliza vibuyu, na asijaliwe.

"Asijaliwe vipi, dada?"

"Msimwekee kiti. Msimtangaze. Akipuliza msinyamaze. Msimwangalie."

Kaka yangu akapandisha sauti kwenye simu. "Dada, mgeni wa mume wako, mzee, mtu wa Mungu, nimuache kwenye benchi kama mzigo? Watu wa Lundo watasema ulipopanda huko juu umepoteza adabu, na mimi umeniambukiza."

"Ya tatu mpe jembe," nikamwambia.

"Jembe ni sawa. Kiti je?"

Tulibishana mpaka salio likaisha.

Tukashuka, Bruda, mume wangu na mimi, Litembo hadi Mbinga, Mbinga hadi Mbamba Bay kwa barabara ya lami inayoteremka kona baada ya kona, halafu Lundo. Bruda alikuwa na sanduku la filimbi magotini. Nilimwambia tunakwenda kuwaona ndugu zangu, na akitaka apulize na wale wa vibuyu, asipotaka asipulize. Hiyo ndiyo njia ya kumwalika mpigaji wa kwao, niliielewa tangu ile video.

Tulipofika, kaka alikuwa ameweka kiti. Cha plastiki, cheupe, kimefutwa vumbi, mbele ya mabenchi. Nikakikalia mimi. Nikamwambia Bruda asogee kwenye benchi pale kwa wenzake, akaketi kati ya mvuvi mmoja mnene na shemasi. Walianza wimbo, ngoma zikaitikia, vibuyu vikanguruma. Bruda alisikiliza kidogo, akaunganisha filimbi yake, akaipandisha mdomoni.

Wote wakanyamaza, kwa pamoja, kama vile mtu amewazima. Vibuyu vikashuka magotini. Wapiga ngoma wakaweka mikono juu ya ngozi. Wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa anachagua dagaa kwenye ungo, wale tunaowaita usipa, akaacha kuchagua na kumziba mjukuu wake mdomo. Walikuwa wameagizwa, tena wameagizwa mara nyingi, lakini adabu ilikuwa imewashika miilini. Nikaona uso wa Bruda umeanza kuiva. Alipuliza sauti mbili tatu, akaishusha filimbi.

Maisha yangu yote nilikuwa najua neno la kuwanyamazisha watu. La kuwafanya waongee sikuwa nalo. Kwa hiyo nikafanya lile lililonijia. Nikamgeukia wifi yangu na kumwambia kwa sauti ya darasani kwamba usipa alionipelekea Pasaka walikuwa na mchanga.

Alinitumbulia macho. "Mchanga?"

"Mchanga. Wamatengo wote wameniuliza kama huku Lundo mnaanika samaki barabarani."

Wifi yangu ni mtu mpole, lakini usipa wake huwezi kuwagusa. Aliniambia mchanga ule niliutoa mwenyewe kwenye maharage yangu ya mlimani. Nikamjibu. Akanijibu. Mama mwingine akaingia kumtetea, na mwingine kunitetea mimi, na mtu akamuuliza mume wangu kama ni kweli Wamatengo wakiona ziwa wanafikiri ni ukungu umelala bondeni, wakavua viatu ili wapite juu yake. Watu wakacheka. Mume wangu, yule mwenye maneno machache, akasema bora kuogopa maji kuliko kuogopa mlima, maana maji hukufuata mpaka nyumbani, mlima haukufuati. Kelele ikapanda. Wapuliza vibuyu nao wakaanza kucheka, na mtu anayecheka huku ameshika kibuyu hawezi kuacha kukipuliza. Wimbo ukarudi kivyake, vipande vipande, halafu mzima, na ngoma chini yake.

Bruda akaingia. Sikumwona akiingia. Nilikuwa katikati ya maneno na wifi yangu, ambayo kwa wakati huo yalikuwa yamekuwa ya kweli kabisa, ndipo nikasikia kwamba vibuyu vimebadilika. Vilikuwa na kitu ndani yake, kitu laini, kimepita kati ya sauti zao zenye mafua na kuzifunga pamoja. Sikugeuza kichwa. Nilitamani kugeuka mpaka shingo ikaniuma, lakini nikaendelea kusema habari za mchanga.

Walipiga mganda, halafu mtu akamwonyesha Bruda kwa kidevu, naye Bruda akaanza wimbo wa kwao, wa mbio, wenye kujirudiarudia kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta ufunguo. Mpiga ngoma akaukamata haraka. Vibuyu vikatafuta njia, vikapata. Hakuna aliyepiga makofi. Shemasi aliletewa uji akanywa huku kikombe kikimgonga Bruda kiwiko, na Bruda akasogea kidogo bila kuacha kupuliza. Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Malawi tulipoinuka, na Bruda shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Hicho kifua kidogo alichokisema sikukiona.

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Njiani kupanda mlima nilimkanyaga mume wangu mguu kumwonyesha jinsi Bruda anavyotabasamu peke yake dirishani. Nilikuwa nimekwisha kupanga: kila mwezi tushuke mara moja, na kaka alete kikundi chake huku juu wakati wa Krismasi.

Wiki ile ile Bruda alikuja nyumbani, si Jumapili. Alituambia amewajibu wakubwa wake. Amechagua kwenda.

Sikumwelewa. Nikamwambia aseme tena, akasema tena. Nikamuuliza kama Lundo hakupapenda.

"Nilipapenda mno, Mwalimu."

"Sasa?"

Alichezea kofia yake. "Nilikuwa nimesahau. Ukisahau kitu unaweza kukaa bila hicho kitu, tena vizuri tu. Kule Lundo nimekumbuka. Na nyimbo zangu zote, zile nyingi, wanaozijua pamoja nami ni wachache, nao wanazeeka kama mimi. Nikichelewa sitawakuta. Wewe umenisaidia kuchagua."

Nilikasirika. Nikaingia jikoni na kuanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Alipoondoka nilimgeukia mume wangu, nikamwambia huyo ndiye rafiki yake, na shukrani yake ndiyo hiyo. Tulihangaika kumpa anachotaka, naye anakichukua na kuondoka nacho.

Mume wangu alikaa. Nilidhani atatoka kuangalia mawingu. "Mama," akasema, "mtu mwenye njaa ukimwonjesha chakula cha kwao, ulitegemea akumbuke nini?"

Halafu akatoka. Nilimwona kupitia dirisha amesimama uani, mikono nyuma, na mbingu ilikuwa nyeupe haina hata wingu moja. Ndipo nikajua kwamba yeye alijua tangu Lundo, tangu alipomwona mwenzake akicheka kwenye benchi, na alikaa kwenye gari lile akipanda mlima na jambo hilo moyoni huku mimi namkanyaga mguu.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika ukumbi wa parokia, mchana, baada ya misa. Niliapa kwamba angalau hiyo itakwenda sawa. Nilipita nyumba kwa nyumba kama mtu wa chanjo, nikiwaambia watu waje na maneno yao. Mwenyekiti nilimkataza kutangaza, akanuna, ila akakubali. Kaka yangu alipanda na watu wake wa mganda, wamebeba vibuyu, na wifi yangu alituma usipa walioanikwa juu ya nyavu mpya, pamoja na ujumbe ambao siwezi kuuandika hapa. Kiti chenye kitambaa tulikifungia sakristia, nyuma ya altare.

Na watu waliongea. Waliongea kama soko la Mbinga siku ya mnada. Bruda aliketi karibu na mlango wa jiko, kati ya kaka yangu na mpiga ngoma, na mume wangu nyuma yake, na muziki ulianza bila mtu kuamuru. Wazee walihadithiana bei ya kahawa. Wasichana walipiga picha. Katekista, yule wa sala hairudiwi, alimwomba kaka yangu chumvi katikati ya wimbo, na akapewa.

Mimi nilikuwa jikoni na wapishi. Wali wa sufuria kubwa ulikuwa umeungua chini, na mpishi mkuu alisema umeungua kwa sababu mimi nilitaka moto mkali, nami nikasema moto haukuwa mkali, sufuria ndiyo nyembamba. Ubishi ule ulikuwa mtamu. Nilikuwa namsikia Bruda mgongoni kwangu, na nilijua kabisa kwamba simsikilizi, na nilijivunia. Tukapakua. Tukabishana nyama za meza ya mapadre. Mtoto akamwaga juisi, nikamsema, nikamfuta.

Halafu nikashtuka kwamba ninavyovisikia ni vibuyu na ngoma tu. Sikujua vimekuwa peke yao tangu lini. Nikatoka na mwiko mkononi. Mahali pake kwenye benchi palikuwa na mtu mwingine, anakula.

Nilimkuta nje kwenye gari la misheni, lile la kumpeleka Songea, dereva amekwisha kuwasha. Mume wangu alikuwa amemshikia mlango, na wawili wale hawakuwa wakisema lolote. Sanduku la filimbi lilikuwa kwenye kiti, limefungwa.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Umemaliza na wimbo gani?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli. "Sijui," akasema. "Nilikuwa nasikia unavyomsema yule mpishi."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, kama tunavyoshikana sisi, akapanda. Gari likashuka na njia ya hospitali, likapotea kwenye migomba.

Wimbo wa mwisho alioupuliza katika nchi yetu sikuusikia. Nilikuwa nabishana habari za ukoko, kama alivyotaka, na watu wote mle ndani walikuwa wanaongea, kama nilivyowaagiza. Mume wangu alinichukua mwiko mkononi, akasema nirudi ndani, wageni wa Lundo hawajala. Nikarudi, nikawapakulia, na machozi yalikuwa yananitiririka mbele yao wote. Hakuna aliyenyamaza.